Karo Imelipwa, Lakini Nani Ameniuliza Hali?

Katika toleo la mwaka jana mwenzetu mmoja wa kidato cha nne aliandika makala nzuri ya kuwashukuru wafadhili wa makanisa wanaotulipia karo sisi watoto wa Kisii na Nyamira. Niliisoma mara mbili. Aliposomewa pale kwenye gwaride la Ijumaa mlimpigia makofi, nami nikapiga. Lakini tangu siku hiyo kuna neno limenikaa kooni kama mwiba wa samaki, na kwa kuwa mlezi wa Chama cha Kiswahili ametuambia kila mtu aandike anachokiamini, wacha niliteme.

Mimi nasema hivi: pesa ya karo peke yake haimbadilishi mtoto. Anayembadilisha ni mtu. Pesa ikija bila mtu wa kumfuatilia mtoto, ni kama mbolea iliyomwagwa barabarani. Ni mbolea kweli, tena ya bei, lakini haioteshi kitu.

Nitaanza na mtoto wa mjomba wangu. Jina lake silitaji, maana yeye bado yuko na anaweza kuyasoma haya. Alipita KCPE vizuri sana kuliko sisi wote katika ukoo, na shirika moja la Kikristo likamchukua. Siku alipoenda shule ya bweni ilikuwa kama harusi. Sanduku jipya, blanketi jipya, godoro, ndoo, viatu vyeusi vinavyong'aa. Nyanya alilia kwa furaha, akamwombea mpaka matatu ikataka kumwacha.

Mara mbili kwa mwaka alikuwa anamwandikia mfadhili wake ng'ambo barua kwenye fomu iliyochapishwa. Mimi ndiye nilikuwa namsaidia. Tuliandika: mimi sijambo, masomo yanaendelea vizuri, ng'ombe wetu amezaa. Hatukuwa na ng'ombe. Lakini fomu ilikuwa na nafasi ya kuandika habari za wanyama wa nyumbani, na tuliona si adabu kuiacha wazi!

Katika kidato cha pili mambo yalianza kuharibika, na yaliharibika kwa kitu kidogo tu: nauli. Shirika lilikuwa linalipa karo moja kwa moja kwa shule. Nauli na sabuni ni za mzazi. Mzazi mwenyewe ni nyanya. Likizo fupi ya katikati ya muhula ilipofika hakuwa na nauli ya kuja nyumbani, akafuatana na kijana mwenzake hadi Keroka, wakakaa huko kwa kaka wa yule kijana mwenye pikipiki. Huko akajifunza kuendesha. Akaonja pesa. Muhula uliofuata alitoka nyumbani na sanduku lake, sare mwilini, akamuaga nyanya, akafika stendi, akageuka.

Muhula mzima karo ililipwa naye hayupo darasani. Shule ilidhani shirika linajua aliko. Shirika lilidhani shule inamwona. Nyanya alidhani yuko bwenini anasoma. Aliyemgundua ni mama yangu, siku ya soko, akimwona amebeba abiria wawili na gunia la kabichi juu ya pikipiki moja. Nilimuuliza juzi kwa nini hakumwambia mtu kwamba amekwama kwa nauli tu. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga, akasema, "Ningemwambia nani?"

Ndugu msomaji, swali hilo ndilo makala yangu. Angemwambia nani? Mfadhili yuko ng'ambo na anajua habari za ng'ombe asiyekuwapo. Mkuu wa shule ana wanafunzi mia nane. Mchungaji alimwona mara ya mwisho siku ya kumwombea safari.

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi kanisa halijafanya kitu. Kanisa hapa kwetu si mgeni wa jana. Misheni ya Kikatoliki ya Nyabururu ilianza mwaka 1911, na Waadventista wakatulia pale Nyanchwa karibu na wakati huohuo. Vita vya Wazungu vilipofika mjini Kisii mnamo Septemba 1914, wamisheni walikimbia na wazee wetu wakaingia kupora (mambo haya hatufundishwi sana katika somo la historia, sijui kwa nini). Lakini vita vilipotulia wamisheni walirudi, wakaendelea kufundisha kusoma na kuandika. Watu wa kwanza wa Gusii kushika kalamu waliishika misheni. Leo ukitembea kutoka Keroka hadi Nyamira mjini utahesabu makanisa mpaka uchoke. Kila kilima kina lake, vingine vina matatu. Ndiyo maana nalilaumu kanisa na silaumu benki. Benki haiko karibu na nyanya yangu. Kanisa liko, hata kengele yake tunaisikia tukiwa jikoni.

Na jinsi makanisa mengine yanavyotoa msaada huu, kusema kweli, kunaumiza. Mimi mwenyewe yalinipata. Nilifanya KCPE mwaka 2022, nikapata alama ambazo hazikuwa mbaya wala hazikuwa za kuandikwa gazetini. Kabla ya kujiunga na kidato cha kwanza kanisa moja la hapa jirani lilitangaza ufadhili. Tuliitwa mbele watoto saba. Tukasimama mstari mmoja tukitazama watu, naye msemaji akawa anasoma karatasi: huyu jina lake fulani, baba yake alifariki, mama yake anachuma chai ya watu, nyumba yao inavuja. Alipomaliza mmoja anaenda kwa mwingine. Watu wakawa wanasema "pole" kwa sauti ya chini. Tukapigwa picha kila mtu ameshika namba yake kifuani. Kisha wakachaguliwa watatu. Sisi wanne tukarudi kukaa.

Kuchuma chai si aibu. Nusu ya Nyamira inachuma chai, na mwezi wa bonasi hata walimu wanauliza bei. Aibu ni kusimamishwa mbele ya watu na umaskini wako usomwe kwa kipaza sauti, halafu usipewe hata hiyo karo. Kesho yake kisimani msichana mmoja aliniuliza, "Si wewe ndiye yule nyumba yao inavuja?" Kwa miezi miwili sikukanyaga kanisani. Na hawa hawa waliotusimamisha ndio waliotufundisha katika Mathayo sura ya sita kwamba sadaka itolewe kwa siri. Au siri hiyo ni ya mtoaji peke yake, mpokeaji hana siri?

Hebu sasa niwape mfano wa mtu aliyefanya sawasawa, tena ni mwana wa Gusii. Wengi wenu mnamjua Bruda Peter Tabichi kwa sababu ya ile zawadi. Mnamo Machi 24, 2019 huko Dubai alitangazwa mwalimu bora duniani, akapewa dola milioni moja za Marekani. Picha tuliziona sote. Lakini kabla ya Dubai alikuwa anafanya nini? Huyu ni bruda wa shirika la Wafransisko. Alikuwa akifundisha hesabati na fizikia katika shule ya Keriko, huko upande wa Njoro, kaunti ya Nakuru. Na shule ile, wasomaji, ni shule ya kutwa kama hii yetu! Wanafunzi wake karibu wote walitoka katika jamaa maskini, na karibu theluthi moja walikuwa yatima au walikuwa na mzazi mmoja tu. Wengine walitembea kilomita saba kwenda shuleni. Kompyuta ilikuwa moja.

Kila mtu husifu kwamba alikuwa akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kusaidia maskini. Ni jambo kubwa, sikatai. Lakini lililonigusa mimi ni jingine. Yeye na walimu wenzake walikuwa wanaenda nyumbani kwa wanafunzi. Waliwachukua wale walio nyuma darasani, wakawafundisha mmoja mmoja nje ya vipindi na mwisho wa wiki, wakaketi na wazazi kujua mtoto anakwama wapi. Mwaka 2017 ni wanafunzi 16 tu kati ya 59 walioendelea na masomo ya chuo. Mwaka 2018 wakawa 26 walioingia vyuo na vyuo vikuu. Wanafunzi wake walibuni hata njia ya kupata umeme kutokana na mimea, wakatuzwa na chama cha wanakemia cha Uingereza. Angekuwa ametuma asilimia 80 kwa bahasha na kukaa kwake kanisani akisali, nadhani wale 16 wangebaki 16.

Nilipoyasema haya katika mkutano wa chama chetu, rafiki yangu mmoja ambaye hupenda sana kunipinga alisimama. Akasema, "Na Hilde Back je?" Nikakubali kwamba amenibana. Kwa wasiojua, Hilde Back alikuwa mwalimu wa watoto wadogo nchini Uswidi. Katika miaka ya 1970 alianza kumlipia karo mtoto mmoja maskini wa Kenya ambaye hajawahi kumwona, dola kama 15 kwa muhula. Mtoto huyo ni Chris Mburu, aliyesomea sheria Nairobi kisha Harvard, akawa mwanasheria wa haki za binadamu katika Umoja wa Mataifa. Baadaye alianzisha mfuko wa kuwasomesha watoto wengine, akaupa jina la yule mama kabla hata hajakutana naye. Kuna filamu juu yao iliyotoka mwaka 2010, A Small Act. Basi rafiki yangu akasema: huyo hakuwa karibu, hakutembelea nyumba ya mtu, pesa tu zilikuja, na tazama.

Nimelifikiria jambo hilo wiki nzima, na jibu langu ni hili. Kwanza, Mburu alilijua jina lake, na katika kijiji chake lilikuwa jina la mtu, si namba ya fomu. Pili, Hilde Back alikuwa anajua anachokitoa. Alizaliwa Ujerumani, Myahudi, akazuiwa kusoma kwa sababu ya asili yake, akakimbilia Uswidi, na wazazi wake wakaangamizwa na Wanazi. (Kwa hiyo hakuwa Mkristo, na sisi Wakristo tukumbuke yule aliyemwokota majeruhi njiani alikuwa Msamaria.) Tatu, na hili ndilo rafiki yangu hakulitaja, filamu hiyo hiyo inawaonyesha watoto wa darasa la nane wakingojea matokeo ya KCPE ili mfuko wa Mburu uwachukue. Alama za wengi hazikufika pale palipowekwa, na kamati ikakuna vichwa. Watu wale ni wema kabisa, mimi siwalaumu, maana pesa kidogo lazima igawanywe kwa njia fulani. Lakini mtoto anayesoma kwa koroboi baada ya kuchota maji hapati alama za mtoto mwenye taa na mwalimu wa nyumbani. Ukichagua kwa alama peke yake, unamwacha nje yule yule uliyetoka kwenda kumtafuta.

Rafiki yangu pia alisema, "Mwenye njaa hachagui mboga." Hapo namjibu kwamba ushauri mtupu nao haununui hata unga. Kuna hawa wageni wanaoletwa siku ya ushauri nasaha. Mnawajua. Anakuja na suti kutoka Nairobi, anasimama ukumbini saa mbili, anatuambia alivyokuwa akitembea bila viatu na kula mara moja kwa siku, anatuambia tuwe na ndoto, anapanda gari kubwa anaondoka. Sisi tunabaki na ndoto na wale walio na deni la chakula wanatumwa nyumbani Jumatatu. Kwa hiyo sitaki mtu achague kati ya pesa na mlezi. Nataka vije pamoja. Wafadhili wa Wings to Fly, ule mpango ulioanza 2010 wa Equity na Mastercard Foundation, walielewa jambo hili. Hawaishii kwenye karo, huwakusanya wanafunzi wao wakati wa likizo wakawalea na kuwashauri. Kama benki imeelewa, kanisa linashindwaje?

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa kutwa. Wafadhili wengi wakisikia "shule ya kutwa" wanasema, aa, hiyo ni bure. Ni kweli serikali ilianza kulipia masomo ya sekondari za kutwa mwaka 2008, na tangu 2018 kiwango kilichowekwa ni shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ingawa kila mwalimu mkuu atakuambia jinsi pesa hizo zinavyochelewa. Lakini chakula cha mchana hakimo. Sare haimo. Taa ya kusomea usiku haimo. Hapa shuleni kwetu anayetumwa nyumbani hatumwi kwa ajili ya masomo, anatumwa kwa ajili ya githeri. Pesa inayomsomesha mtoto mmoja bweni mwaka mzima ingewalipia wa kutwa kadhaa chakula, na wote wangekuwa wanalala kwao, mahali ambapo mzee wa kanisa anaweza kutembea kwa miguu akabisha hodi. Mimi ningetaka kanisa, kila linapomchukua mtoto, limtaje na mtu mzima mmoja wa karibu, si kamati, mtu mmoja, ambaye kazi yake ni kujua kama mtoto yuko darasani. Angekuwapo mtu kama huyo, mtoto wa mjomba wangu angepata nauli ya siku moja na leo angekuwa anajiandaa kwa KCSE.

Nayajua haya kwa sababu mimi nilimpata mtu wangu. Kanisa lile liliniacha, nikaja hapa kutwa, na muhula wa pili nikaanza kutumwa nyumbani kwa deni la chakula. Mama mmoja wa Dorkasi, wa kanisa jingine kabisa, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, alinikuta njiani saa nne asubuhi nimevaa sare. Hakuniuliza mbele ya watu. Alisema tu, "Mwanangu, nisindikize." Tulipofika kwake alinipa uji, ndipo akaniuliza. Tangu siku hiyo hulipa pesa yangu ya chakula. Si nyingi. Ukiilinganisha na ufadhili wa mtoto wa mjomba, ni kidogo sana. Lakini kila mwisho wa mwezi ananiita na madaftari. Kemia haijui hata kidogo, kwa hiyo anaangalia mahali penye wino mwekundu tu, anauliza, "Kosa hili umelirekebisha wapi? Nionyeshe." Huwezi kumdanganya. Amesahihisha madaftari kwa miaka zaidi ya thelathini.

Mwaka jana alikuja shuleni kumwona mwalimu wangu wa darasa akiwa na mkungu wa ndizi kichwani. Nilitamani ardhi ipasuke. Wavulana wa darasa letu walicheka hadi jioni. Lakini yeye na mwalimu walikaa chini ya mti ule wa mparachichi karibu saa nzima, na wiki ile ile nikahamishwa kutoka dawati la nyuma hadi la mbele, maana alikuwa amegundua kitu ambacho hata mama yangu hakukijua: sioni ubao vizuri. Fizikia yangu ilikuwa D. Sasa ni C. Si muujiza, najua. Bruda Tabichi hatanisikia.

Muhula huu amenipa kazi. Amesema deni lake halilipwi kwa barua ya asante, nitafute msichana mmoja wa chini yangu nimtazame. Nimepata mmoja wa kidato cha pili anayetoka upande wetu. Ijumaa iliyopita hakuja shuleni, nami nikapita kwao jioni. Nilimkuta amembeba mdogo wake mgongoni, mama yao alikuwa ameenda kuchuma chai tangu alfajiri na hakuna wa kumwachia mtoto. Tulizungumza na mama yao aliporudi. Jirani mmoja mzee amekubali kumkalia mtoto siku za shule mpaka mvua ziishe. Jumatatu yule msichana alikuja, na daftari lake la hesabu ninalo hapa mezani ninapoandika. Ukurasa wa kumi na tatu una wino mwekundu mwingi, kesho ataniambia amerekebisha wapi.